Karatasi ya Kumtoa Maalim

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, na laiti ningeweza kuisahau.

Juzi ulipokuja kunipa shikamoo na kuniambia wamekuchagua katibu wa kamati ya msikiti, uliona sikucheka. Mama yako alipiga vigelegele hadi majirani wakachungulia, mimi nikasema tu "Mungu akuongoze," kisha nikaendelea kuhangaika na uzi na sindano. Ukaondoka umenuna. Usininunie. Mimi pia nilikuwa katibu wa kamati hiyo hiyo nikiwa na umri kama wako, na barua niliyoiandika wakati ule ndiyo inayonikosesha raha mpaka leo. Vuta kigoda ukae. Mama yako ndiye peke yake anayeijua habari hii, na hata yeye nilichelewa kumwambia kwa miaka mingi.

Hapa ufukweni mwa ziwa, upande huu wa Lundo, Waislamu tumekuwa wachache siku zote. Huko milimani ni Wamatengo na kahawa yao na kanisa lao. Huku chini ni Wanyasa, Wakatoliki na Waanglikana, na katikati yao sisi wenye nyumba chache, ambao babu zetu walikuja na biashara wakabaki na samaki. Wakati huo Nyasa haikuwa wilaya. Ukitaka mhuri wa serikali ulipanda lori mpaka Mbinga, na mvua ikinyesha mnalala njiani mnasukuma. Kwa hiyo mambo yetu ya ndoa, talaka na mirathi tuliyamaliza wenyewe msikitini, na aliyeyamaliza alikuwa Maalim Athumani.

Maalim alikuwa imamu wetu, na ndiye aliyemfundisha kila mmoja wetu kusoma Kurani. Alitufundisha kwa ubao na wino wa masizi. Ukikosea, hakupigi. Anaushika mkono wako ndani ya mkono wake, mnaandika pamoja mpaka herufi ikae mahali pake. Alikuwa na subira ya kuchosha kuliko fimbo. Mimi nilikuwa mtoto wa haraka, mistari yangu ikianza juu ya ubao inaishia pembeni chini, naye alikuwa akicheka na kuniuliza, "Saidi, nani anakufukuza?"

Nikakua, nikawa fundi cherehani, na kwa sababu mwandiko ulikuja kutengemaa wakanifanya katibu. Nilijiona mtu. Ndevu zenyewe zilikuwa hazijakamilika.

Siku hizo biashara ilikuwa imefunguliwa. Watu waliita wakati wa ruksa. Vitu ambavyo tulikuwa tunapanga foleni kuvipata sasa vilijaa dukani, na aliyekuwa na lori alikuwa mfalme. Kwetu mwenye lori alikuwa Bwana Shomari, Mwislamu mwenzetu, mtoto wa hapa hapa. Alinunua usipa, hawa dagaa wetu, ufukweni, akaupeleka Songea, akarudi na sabuni, mafuta na betri. Tulimwita Tajiri, hata sisi ambao hatukuwa vibarua wake. Simsingizii mtu aliyekwisha kufa, mwanangu. Alifanya mema. Nyasi za paa la msikiti zilipooza, yeye ndiye aliyeleta bati. Alimwaga sakafu ya saruji tukaacha kusujudu kwenye vumbi. Na cherehani yangu ilikaa kwenye baraza la duka lake, kivulini, kwa hisani yake tu. Nilijua neno lake moja linaweza kuniweka juani.

Kisha vyama vingi vikaingia, na Tajiri akaamua kugombea udiwani.

Katikati ya hayo akafariki mume wa Bi Zuhura. Bi Zuhura alikuwa jirani ya mama yangu, mwanamke wa maneno machache, aliyeanika usipa na kuuza. Mara ngapi nimekula kwake nikiwa mdogo, sina hesabu. Mumewe alimwachia binti wawili na mtoto wa kiume, na kiwanja kimoja pale ufukweni, pazuri, penye vichanja vyake vya kuanikia. Eda haijaisha, shemeji yake akamuuzia Tajiri kiwanja kile. Tajiri alitaka kujenga stoo mahali ambapo mitumbwi inatia nanga, na hapakuwa na mahali pazuri kupita hapo. Bi Zuhura alipomaliza eda akaja msikitini kulalamika.

Baraza likakaa baada ya sala ya alasiri. Mimi na daftari langu. Maalim aliwasikiliza wote, yule shemeji, Tajiri, na Bi Zuhura kutoka nyuma ya pazia la akina mama. Halafu akasema kwa sauti yake ile ya kufundishia, "Marehemu ameacha mke, binti wawili na mtoto wa kiume. Mke ana fungu lake, watoto wana mafungu yao. Penye mtoto wa kiume, ndugu wa marehemu hana kitu. Aliyeuza ameuza kisicho chake. Amrudishie mnunuzi alichopokea, na kiwanja kibaki kwa wenyewe."

Tajiri akasema, "Maalim, hizi bati unazokaa chini yake aliyezileta ni nani?"

Maalim akainua macho akazitazama bati, kama vile ndiyo kwanza anaziona. "Umeleta wewe, Mungu akulipe. Ila sikujua kwamba ulikuwa unauezeka na ulimi wangu."

Watu waliinamisha vichwa kuficha kicheko. Mimi nikaandika hukumu kwenye daftari, kila neno. Nilirudi nyumbani nimejaa fahari. Nilidhani haki ni kitu ambacho kikishaandikwa kimekwisha.

Wiki mbili hazikupita, Tajiri akaniita nyuma ya duka. Akanifungulia soda, tena baridi, wakati barafu yenyewe ilikuwa ya kutafuta. Akaniambia, "Saidi, wewe ni kijana mwenye akili. Sisi hapa ni wachache. Wakristo wakituona tunavuana nguo, watatudharau. Yule mzee amezeeka, anatutia aibu. Wazee wa kamati nimeshazungumza nao. Inatakiwa barua tu, na mwenye mwandiko ni wewe."

Nikamuuliza barua ya nini. Akasema ya kumwondoa Maalim. Nikamuuliza kwa kosa gani. Akatabasamu. "Mbuzi wa Mzee Kosmasi."

Ngoja nikueleze habari ya mbuzi huyo, kwa sababu nyinyi siku hizi mnaishi kwa kuchungana. Mzee Kosmasi alikuwa Mkatoliki, mvuvi, jirani wa msikiti. Kila walipokuwa na sherehe walimwita Maalim awachinjie, na mbuzi mmoja akapikwa kwenye sufuria la pembeni na akina mama zetu, ili sisi majirani tule bila wasiwasi. Ndivyo ilivyokuwa tangu babu zetu. Na sisi Idi ikifika, sinia la kwanza la pilau linakwenda kwa Kosmasi. Mwezi mmoja kabla, mjukuu wake alipokea komunio ya kwanza. Magauni meupe ya mabinti waliopokea siku hiyo nilishona mimi, kwa cherehani hii unayoiona. Maalim akachinja, tukaalikwa, tukala. Na sinia nililokula mimi ndilo alilokula Maalim. Mkono wangu na wake ulikutana kwenye wali.

Sasa Tajiri alitaka niandike kwamba imamu amekwenda kwenye sherehe ya kanisa, amechinja kwa ajili ya ibada yao, ameketi na kula nao, kwa hiyo hafai tena kutuongoza katika sala. Na mwezi huo huo, mwanangu, yeye mwenyewe alikuwa akizunguka nyua za Wakatoliki akiomba kura.

Nilijua ni uongo. Nataka ulielewe hilo vizuri, kwa sababu watu wakizeeka hupenda kusema walidanganywa. Sikudanganywa. Nilikaa na ile chupa ya soda mkononi, nikafikiria baraza la duka, nikafikiria kivuli, nikafikiria mama yako ambaye nilikuwa ndiyo kwanza nimepeleka posa kwao. Nikajiambia, nikikataa mimi ataandika mwingine. Nikajiambia, ni kweli, sisi ni wachache. Basi nikaiandika, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kwa maana wazee wa kamati hawakujua kusoma herufi nyingine. Wazee sita wakaweka majina yao. La mwisho nikaweka langu, na mbele yake nikaandika "mwandishi."

Ijumaa ile, watu walipotoa salamu ya mwisho, Tajiri akasimama akamkabidhi Maalim karatasi mbele ya wote. Nilidhani Maalim ataikunja aitie mfukoni. Hapana. Alivaa miwani yake iliyofungwa uzi sikioni, akaanza kuisoma kwa sauti, kwa utulivu ule ule wa kusoma hotuba. Alisoma makosa yake yote mwenyewe. Akasoma majina ya wazee, kila jina na la baba yake, na wote ni watu aliowashika mkono kwenye ubao. Alipofika kwangu akatua.

"Na mwandishi, Saidi," akasoma. Akaisogeza karatasi karibu na macho. Halafu akanitazama, tena bila hasira yoyote, akasema, "Mwandiko wako umetulia, mwanangu. Zamani ulikuwa unakimbia."

Basi. Hilo tu ndilo aliloniambia. Nilikuwa nangoja aseme, "Na wewe si tulikuwa sinia moja?" Angesema hivyo ningekuwa nimekwisha, na barua yenyewe ingekwisha. Alijua, na hakusema. Alinisitiri mbele za watu, saa ile ile ambayo mimi nilikuwa namvua nguo.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia. Ilikuwa ya Bi Zuhura, na hakupiga kelele. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. "Na mimi sasa atanisikiliza nani?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa na daftari la hukumu yake mapajani. Ningeweza kulifungua nikasoma. Nilikuwa nimekaa hatua tatu tu kutoka kwenye pazia, na nilikaa hivyo hivyo mpaka watu walipoanza kutafuta viatu vyao.

Kesho yake Mzee Kosmasi alikuja pale barazani. Alisimama mbele ya cherehani akiwa na kofia mkononi. "Fundi," akasema, "nasikia Maalim amefukuzwa kwa ajili ya mbuzi wangu. Kama kosa ni mbuzi, mbona hamkuniita mwenye mbuzi?" Nikainama nikajifanya natia uzi kwenye sindano. Nilitia uzi mpaka akachoka kusimama akaenda zake. Yeye ndiye aliyemtafutia Maalim mahali pa kuishi, kwa ndugu wa mkewe huko juu Kingerikiti. Maalim akapanda mlima na begi moja na mbao zake za kufundishia. Wale aliowafundisha hatukumbebea hata hilo begi.

Imamu mpya alikuja, kijana mpole, akaambiwa kesi ya kiwanja imekwisha, naye akakubali imekwisha. Vichanja vya Bi Zuhura viling'olewa. Yeye na wanawe wakavuka ziwa kwenda kwa kaka yake, upande wa Malawi. Stoo ikajengwa, Tajiri akapata udiwani, na mimi nikapewa zawadi yangu. Unajua zawadi gani? Cherehani yangu ilihamishiwa kwenye baraza la stoo mpya, mahali pazuri kuliko pote, upepo wa ziwa unakupiga usoni. Nilikuwa nashona palepale Bi Zuhura alipokuwa anaanika usipa. Mvua ikinyesha, harufu ya usipa ilikuwa inapanda kutoka ardhini chini ya saruji. Wateja hawakuisikia. Niliwauliza mara kadhaa, wakanishangaa.

Na usidhani nilidumu hapo. Miaka miwili mitatu, mabunda ya mitumba yakaanza kushuka kwenye lori la Tajiri. Nani tena ashonewe suruali? Akataka baraza apange nguo zake. Akaniambia, "Fundi, hebu sogeza cherehani yako kidogo." Nilisogeza kidogo, kesho kidogo tena, mpaka nikajikuta juani, pale nilipokuwa naogopa kufika. Nilichopata kwa kumuuza Maalim hakikudumu hata muda wa kitambaa kimoja kuchakaa.

Ilinichukua muda mrefu kupanda Kingerikiti. Nilimkuta Maalim anapalilia maharage, amekonda, jicho moja limeingia ukungu. Watu wa pale wote Wakatoliki, na wote walimwita Maalim, na bado alikuwa akiwachinjia. Nikampa shikamoo. Akaitambua sauti kabla ya sura. Nilipiga magoti kwenye udongo, nikalia, nikamwomba msamaha. Sioni haya kukwambia nililia.

Akaniinua. "La kwangu lilikwisha siku ile ile, kabla sijavaa viatu," akasema. "Lakini umeanza na mtu wa pili, Saidi. La Zuhura si langu, na mimi siwezi kukutolea. Hilo nenda ukamwombe mwenyewe."

Nikamwambia, "Ndiyo, Maalim, nitakwenda." Na nilikusudia. Wallahi nilikusudia. Lakini mwaka ule nikasema ziwa limechafuka. Mwaka uliofuata nikasema kazi imebana. Mwaka mwingine mama yako alikuwa na mimba ya dada yako. Maneno ya kuchelewesha hayakosekani, yanakuja yenyewe bila kuitwa. Ukweli ni kwamba niliona haya, na nilidhani haya zitapungua nikingoja. Haya hazipungui, mwanangu. Maalim akafa huko huko Kingerikiti, nikazika. Siku ya maziko nikaapa kwamba mwezi hautapita sijavuka.

Nikavuka. Niliulizia, nikaelekezwa nyumba. Akatoka binti mkubwa wa Bi Zuhura, Rukia, sasa mwanamke mzima na mtoto mgongoni. Hakunijua. Akaniamkia, akanipa kiti. Nilipomtajia jina langu akaingia ndani, akatoka na maji ya kunawa na chakula. Ugali na usipa. Nikala, maana ningekataaje.

Nikamuuliza mama yake yuko wapi. Akasema alishafariki, mvua mbili zilizopita.

Kisha akaongeza. "Mama alikuwa anakutaja, fundi. Sisi tukiwalaani wale watu wa msikitini, alikuwa anasema wewe tukuache. Alisema, 'Yule hana roho mbaya, ni mwoga tu. Atakuja.' Hata alipougua, mtumbwi ukiingia kutoka Tanzania alikuwa anauliza nani wameshuka."

Nikamwomba msamaha Rukia. Akanijibu kwa adabu kwamba yeye na ndugu zake wanasamehe ya kwao, na ya mama ameondoka nayo. Sikumlaumu. Ndivyo Maalim alivyonifundisha pale shambani kwenye maharage, na nikajifanya sikuelewa.

Basi ndiyo maana sikucheka, mwanangu. Watu wanakupongeza kwa sababu wamekupa kalamu, mimi nakuogopea kwa sababu hiyo hiyo. Atakuja mtu mwenye lori, au mwenye gari zuri zaidi ya lori, ambaye ameupaka msikiti rangi au ametandika mazulia. Hatakuja na rungu. Atakuja na soda baridi, atakuambia sisi ni wachache, tusitoe siri zetu nje, tusiwafurahishe wengine. Neno hilo likisemwa, geuka utafute nani ameonewa, maana lazima yupo, na mara nyingi yuko nyuma ya pazia ambako hutazami. Sisi uchache wetu haukuwahi kutuvunjia heshima hapa ufukweni. Kosmasi alijua yote, na Wakatoliki wote walijua. Kilichotuvunjia heshima ni kwamba walijua na wakatuona tumenyamaza.

Mwenye kuujengea msikiti, mwombee dua na umshukuru. Ila akiwa na kesi, mkalishe chini kama wote. Usiandike jambo ambalo huwezi kulisoma mbele ya mtu uliyemwandika. Ukiandika haki ya mtu kwenye daftari, jua kazi ndiyo kwanza imeanza, kwa sababu itafika siku ya kulifungua mbele ya watu, na siku hiyo kila mtu atakuwa anatafuta viatu vyake. Na ukikosea, maana utakosea, nenda upesi kwa yule uliyemkosea, huyo mwenyewe, kabla hujaenda kulia kwa mtu unayejua atakupokea.

Daftari lile lipo kwenye sanduku chini ya kitanda changu. Hukumu ya Maalim imo, kwa mwandiko wangu. Nalikabidhi kwako leo. Stoo bado imesimama, na watoto wa Rukia wako hai ng'ambo. Mimi sina nguvu tena ya kusimama msikitini, na sijui kama hata ningekuwa nazo ningesimama. Ninakuomba ulisome, kisha ufanye utakaloona.

Mungu akuhifadhi, mwanangu. Akupe riziki isiyokaa kwenye baraza la mtu. Akupe sauti siku ambayo wote watanyamaza, hata ikiwa ni sauti inayotetemeka. Akuwahishe pale baba yako alipochelewa. Na siku moja watu wakikutaja wewe hupo, mahali mbali, kwenye nyumba ya mtu uliyeshika haki yake mikononi, wasilazimike kukutetea kwa kusema ulikuwa mwoga tu. Amina.